Leseni ya mgahawa Morogoro, banda la Nanenane Nzuguni na jiko la kwenye Kirikuu: sheria inataka nini?

Mpishi wa Msamvu:

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za leo.

Nina mgahawa mdogo hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na huu ni mwaka wangu wa nne. Nina TIN (namba ya mlipakodi), nina leseni ya biashara iliyotolewa na halmashauri, na wasaidizi wangu watatu wana vyeti vya kupimwa afya. Mwaka huu nimekusudia kwenda kuuza chakula katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, wakati wa maonesho ya Nanenane, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti: supu na chapati asubuhi, wali, pilau na ndizi nyama mchana. Nikirudi salama na mtaji, ninataka kununua Kirikuu (pikapu ndogo ya mizigo) iliyotumika, niifungie bodi ya jiko, niwe ninapeleka chakula cha mchana kwenye maeneo ya ujenzi na ofisi zilizo mbali na migahawa.

Ninachotaka kuelewa kwanza ni kama leseni yangu ya Morogoro inanitosha kwa siku hizo nane, au nitahesabiwa kuwa ninafanya biashara bila leseni kwa sababu nimevuka mkoa. Pili, kuna jirani anayenishauri niachane na habari za leseni nikachukue kitambulisho cha machinga cha shilingi 20,000, akidai kuwa kinakubalika nchi nzima. Tatu, hilo gari, ambalo leo litakuwa hapa na kesho pale, linakatiwa leseni ya mahali gani?

Ninauliza mapema kwa sababu rafiki yangu aliondolewa kwenye maonesho siku ya tatu, ilhali alikuwa amelipia banda kwa siku zote na risiti alikuwa nayo mkononi.

---

Karani Mstaafu:

Marahaba, binti yangu. Nilifanya kazi katika dawati la biashara la halmashauri kwa miaka mingi, na swali la kwanza ndilo ambalo watu walikuwa wakiniuliza kila mwaka wiki moja kabla ya maonesho, wakati ambapo muda wa kuwasaidia ulikuwa umekwisha.

Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972 inakataza mtu kufanya biashara bila leseni halali, na leseni hiyo hutolewa kwa biashara iliyotajwa na kwa mahali palipotajwa. Ukiitazama leseni yako utaona mtaa, kata na pengine namba ya kiwanja. Maelezo hayo ni sehemu ya ruhusa yenyewe, na ndiyo maana mtu mwenye maduka mawili hawezi kuyaendesha yote kwa karatasi moja, hata kama yote ni yake na yanauza vitu vilevile. Kwa hiyo leseni uliyopewa kwa ajili ya mgahawa wa Msamvu haikupi haki ya kuuza chakula Nzuguni. Wala usidhani kwamba dawa ni kupanda daraja, kutoka leseni za Kundi B zinazotolewa na halmashauri hadi zile za Kundi A zinazotolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa maana hata hizo nazo huandikwa mahali pa biashara, na mgahawa wako hauhusiki na kundi hilo.

Hata hivyo, hakuna Afisa Biashara mwenye akili timamu atakayekutaka ukate leseni ya miezi kumi na miwili kwa ajili ya hema la siku nane. Hapo ndipo zinapoingia sheria ndogo. Kila halmashauri ina uwezo, chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, wa kutunga sheria ndogo za ada na ushuru, zikiwamo ada za biashara za muda katika minada, magulio na maonesho. Sheria ndogo hupitishwa na Baraza la Madiwani, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana na serikali za mitaa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na isipopita katika hatua hizo haiwezi kumtoza mtu hata shilingi mia. Utakapotajiwa kiasi cha kulipa Dodoma, uliza kwa upole: ni kwa sheria ndogo ipi, na kwa kifungu kipi? Afisa mzuri hatachukia, atafungua jalada akuoneshe. Kisha lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali tu, na risiti itakayotoka iwe na jina lako.

Kuhusu rafiki yako, ninadhani ninajua kilichomkuta, kwa kuwa nimekiona mara nyingi. Risiti ya banda ni kodi ya eneo; anayeipokea ni msimamizi wa viwanja, naye anakupa nafasi ya kusimama, haamui kama chakula chako kinafaa kuliwa na umma. Ruhusa ya kuuza chakula inatoka kwa mamlaka ya afya ya halmashauri ambamo viwanja vimo. Mtu akiwa na ile ya kwanza bila hii ya pili, ukaguzi ukipita anaondolewa, na fedha ya banda hairudi kwa sababu banda alipewa.

Utaratibu ninaokushauri ni huu. Pata kwanza mkataba wa banda ulioandikwa, unaotaja kwamba utauza chakula kilichopikwa, kwa sababu baadhi ya maeneo ya viwanja hutengwa kwa maonesho tu na kupika hapo hakuruhusiwi. Chukua mkataba huo pamoja na nakala za leseni ya Morogoro, TIN na kitambulisho cha NIDA, uende kwa Afisa Biashara wa Jiji la Dodoma. Leseni ya Morogoro haitakuhalalisha, lakini itamwonesha kwamba wewe ni mfanyabiashara anayejulikana mahali fulani na anayeweza kupatikana tatizo likitokea, na kwa uzoefu wangu jambo hilo hurahisisha mazungumzo kuliko barua tano za maombi.

---

Kijana wa Ilala:

Kwa heshima zote, mzee, ninaona tunamtisha dada bure. Tangu Desemba 2018, Hayati Rais Magufuli alipowakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, ilielekezwa wazi kwamba mwenye kitambulisho alicholipia shilingi 20,000 asitozwe ushuru mwingine wala kubughudhiwa. Siku nane ni biashara ndogo. Achukue kitambulisho aende zake.

---

Mhasibu wa Mtaa:

Kaka yangu wa Ilala, maelekezo hayo yalikuwapo kweli, lakini umeacha nje sharti lililoyabeba. Kitambulisho kile kilikusudiwa mjasiriamali ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, na kiwango hicho hakikuokotwa barabarani: ndicho kiwango ambacho, katika utaratibu wa kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, mtu aliye chini yake hatozwi kodi hiyo.

Watu wengi hulisikia neno mauzo wakaelewa faida. Mauzo ghafi ni kila shilingi iliyoingia kabla hujatoa mchele, nyama, mkaa, kodi ya pango na posho ya msaidizi. Shilingi 4,000,000 ukizigawanya kwa siku 365 unapata kama shilingi 10,960 kwa siku. Mama lishe anayeuza sahani ishirini za shilingi 2,000 ameshafika 40,000 kabla ya saa tisa alasiri, na akifanya kazi siku 300 kwa mwaka mauzo yake ni milioni 12. Sasa tumhesabie dada yetu: tuchukulie kwamba Nzuguni atauza sahani 150 kwa siku kwa shilingi 4,000. Hizo ni 600,000 kwa siku na 4,800,000 kwa siku nane. Maonesho hayo peke yake yanamtoa katika sifa za kitambulisho, na hatujagusa mgahawa wa Msamvu. Mtu wa namna hiyo akijaza fomu kwamba yeye ni wa chini ya milioni nne, ametoa tamko lisilo la kweli, na kitambulisho hakitamlinda siku maofisa watakapoamua kuhesabu.

Ninakiri kwamba mpaka huo ni mdogo mno, na kwa hesabu niliyoitoa hapo juu wauza chakula wengi waliokuwa na vitambulisho vile hawakuwa na sifa za kuwa navyo. Serikali yenyewe baadaye iliwahamishia wamachinga katika usajili wa kidijitali chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Lakini ubovu wa mpaka hauufuti, na aliyekwisha kusajiliwa TRA akiwa na mgahawa hawezi kurudi nyuma akajiita machinga kwa wiki moja.

Jambo linaloweza kukusaidia zaidi, dada, ni daftari. Huhitaji TIN mpya kwa ajili ya Dodoma. Mauzo ya kule yanajumlishwa na ya Msamvu chini ya TIN ileile. Na daftari lina thamani ya fedha taslimu. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 ambaye hana kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari analipa 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi hichohicho bila daftari analipa zaidi ya mara tatu. Wewe upo madaraja ya juu ya hapo, kwa hiyo kaa na ofisi ya TRA ya mkoa wako wakuoneshe daraja lako na viwango vya mwaka huu kabla hujasafiri.

---

Bwana Afya:

Mimi ni afisa afya mazingira, na nitazungumzia upande ambao watu wa biashara huupitia harakaharaka.

Msingi wetu ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayompa afisa afya mamlaka ya kuingia mahali chakula kinapoandaliwa, kukagua, kuzuia chakula kisichofaa na kuomba eneo lifungwe. Baadhi yenu bado mnaitafuta TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kuanzia Julai 2019. Hata hivyo, atakayefunua sufuria yako Nzuguni saa nne asubuhi kwa kawaida ni afisa afya wa halmashauri, siyo mtu kutoka makao makuu ya shirika lolote.

Anza na vyeti vya afya. Mtu anayeshika chakula cha umma anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita. Umesema wasaidizi wako wana vyeti, ila hukutaja tarehe. Waliopimwa Januari, vyeti vyao vinakwisha Julai, na tarehe 1 Agosti utasimama bandani na watu watatu wasio na vyeti halali huku ukiamini kwa dhati kwamba unavyo. Halafu kuna kosa la pili, ambalo huwapata hata wazoefu. Siku ya kilele wateja wanazidi, mpishi anamwita binti wa jirani aje kuosha vyombo na kupakua, na huyo hajapimwa. Kwa macho ya mkaguzi huyo ni mshika chakula kama wewe. Kama unajua utahitaji watu wa ziada Dodoma, wapange na uwapime mapema.

Banda la muda halisamehewi mambo kwa sababu ni la muda; kinyume chake tunalitazama kwa ukali zaidi, maana halina bomba, halina sakafu na halina jokofu. Nitataka kuona maji safi yaliyofunikwa, ndoo ya koki au kibuyu chirizi pamoja na sabuni kwa ajili ya wateja, na nyingine ya wapishi ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Nitataka kuona vyombo vikioshwa kwa maji yanayobadilishwa, siyo beseni moja linalogeuka mchuzi kufika adhuhuri. Nitauliza nyama imetoka wapi, na jibu ninalolitaka ni machinjio yenye mkaguzi, nyama iliyogongwa muhuri, pamoja na risiti. Nitauliza pia choo kilicho karibu ni kipi na taka zenu zinakwenda wapi. Maswali hayo mawili ya mwisho ni ya msimamizi wa viwanja zaidi kuliko yako, lakini yaulize kabla hujasaini mkataba, kwa sababu banda lililo hatua kumi kutoka kwenye choo cha muda halitapitishwa hata ukilipamba namna gani.

Kuhusu chakula chenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri kilichopikwa kibaki katika joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kinapoliwa, au kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Pilau iliyopikwa saa moja asubuhi na kuachwa kwenye sufuria lisilo na moto hadi saa saba mchana imevuka mpaka huo mara tatu. Pika kwa awamu. Sufuria tatu ndogo zinazofuatana ni salama kuliko moja kubwa, na pia hupati hasara ya kumwaga. Kachumbari ikatwe kidogokidogo.

Wapo wanaotuona kama watu wa kuwaharibia riziki. Nilikuwa kazini wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Wakati huo uuzaji wa vyakula vya wazi, matunda yaliyomenywa na juisi za barabarani ulipigwa marufuku katika maeneo mengi, na marufuku hiyo haikutenganisha mama lishe msafi na mchafu. Wote walikaa nyumbani. Basi ujue na hili pia: kukiwa na mlipuko, kibali chochote ulichonacho kinaweza kusitishwa mara moja, na mkataba wako wa banda useme nini kinatokea kwa fedha uliyolipa.

---

Mama Lishe wa Kihonda:

Mwanangu Mpishi, mimi siyo msomi wa sheria, lakini nimezunguka na masufuria yangu kwenye maonesho na minada kwa zaidi ya miaka kumi, na ninaomba niongeze yale ambayo hayamo kwenye vitabu.

Katika halmashauri moja, ambayo sitaitaja, nilitozwa mara tatu kwa siku moja. Asubuhi alikuja kijana mwenye kofia akadai ya usafi, mchana akaja mwingine akadai ya meza, na jioni mwingine tena akadai ya ulinzi. Wote walinipa vikaratasi vilivyokatwa kwenye vitabu vya risiti vya dukani, visivyo na namba yoyote. Niliwalipa kwa sababu chakula kilikuwa motoni na wateja wamesimama, na wao walijua hivyo. Hawakuja saa kumi na mbili asubuhi nilipokuwa nimekaa ninachambua mchele. Tangu hapo nina utaratibu wangu. Karatasi zangu zote, nakala siyo halisi, ninazitia kwenye bahasha ya plastiki na kuzitundika kwenye nguzo ya banda mahali zinapoonekana. Anayekuja kudai, ninamwambia aniletee kumbukumbu namba nami nitalipa kwa simu hapohapo mbele yake. Wa kweli hutoa mashine yake akaniandalia. Wale wengine huniambia watarudi, na sijawahi kuona aliyerudi.

Jingine ni mifuko. Usije ukafungasha chapati kwenye vile vifuko vya plastiki vya kubebea. Vimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwenye maonesho wakaguzi wa mazingira wapo. Tumia bahasha za karatasi au mteja aje na chombo chake.

Na mitungi ya gesi. Baada ya soko la Kariakoo kuungua Julai 2021 na lile la Karume kuungua Januari 2022, watu wa viwanja wamekuwa wakali kuhusu moto, na mimi siwalaumu. Nunua kizimamoto kidogo, mitungi ikae nje ya hema, na mkaa usimwagwe nyuma ya banda ukiwa bado mwekundu. Nilishuhudia banda likiondolewa kwa kosa hilo la mkaa tu, na mwenyewe alikuwa na vibali vyote.

---

Karani Mstaafu:

Nimerudi kwa ajili ya swali la Kirikuu, ambalo niliona limeachwa peke yake.

Sheria ya mwaka 1972 iliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye mlango na kizingiti. Mfanyabiashara anayetembea aliwekewa utaratibu wake pembeni, na wenzangu wa umri wangu wataikumbuka leseni ya nguvukazi, iliyokuja baada ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, zama ambazo kijana aliyeonekana mjini na karanga zake bila karatasi aliweza kujikuta kwenye lori la kurudishwa kijijini. Zama hizo zimepita, lakini pengo lenyewe halijazibwa vizuri, na gari la chakula limedumbukia humo.

Njia inayokubalika ni kulipa gari makazi. Chagua kituo, yaani mahali gari linapolala, linapooshwa na chakula kinapoandaliwa, ambapo kwa hali yako panaweza kuwa mgahawa uleule wa Msamvu. Omba leseni kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa, kama biashara ya huduma ya chakula yenye anwani ya kituo hicho, na katika maelezo utaje wazi kwamba chakula kitauzwa kwa gari, ukiandika namba ya usajili wa gari na kata utakazozihudumia. Kama Afisa Biashara wako ataona hiyo ni biashara ya pili inayohitaji leseni yake, usibishane naye. Leseni ya pili ni nafuu kuliko gari kushikiliwa siku mbili likiwa na nyama ndani.

Mpaka wa halmashauri ndio mtego wenyewe. Ukitoka Msamvu kwenda kuwauzia watu wa Mzumbe, umekwisha kuingia wilaya ya Mvomero. Ukielekea Mikese, uko katika halmashauri ya wilaya ya Morogoro. Barabara ni ileile na wateja ni walewale, ila mamlaka ni tatu tofauti. Kwa mwaka wa kwanza ningejifunga ndani ya manispaa peke yake.

Halafu kuna mahali pa kusimama. Usiegeshe kwenye hifadhi ya barabara. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi hiyo inasimamiwa na mamlaka za barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mijini na vijijini, na katika barabara kuu upana wake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Hata Afisa Biashara akikusainia kila kitu, hawezi kukupa ardhi isiyo yake. Tangu wamachinga walipopangwa upya katika miji yetu mwishoni mwa mwaka 2021, hifadhi za barabara na njia za waenda kwa miguu ndizo sehemu za kwanza kusafishwa kila operesheni inapotangazwa. Wewe una bahati kwamba wateja unaowalenga wako ndani ya uzio. Omba barua ya ruhusa kutoka kwa msimamizi wa eneo la ujenzi au mwenye jengo la ofisi, ikitaja siku na saa, na uegeshe ndani. Barua hiyo ya ukurasa mmoja itakufaa kuliko kitambulisho chochote.

Mwisho, kubadili bodi ya gari ni kubadili gari. Taarifa za kadi zirekebishwe, gari likaguliwe, na kampuni ya bima ijulishwe kwamba ndani kuna jiko na mtungi wa gesi. Bima iliyokatwa kwa ajili ya pikapu ya mizigo inaweza kukukana siku ya ajali.

---

Mkaazi wa Ng'ambo:

Assalaam alaykum. Naongeza neno moja kwa wale wa bara wanaopenda kuvuka na biashara zao za chakula kuja kwetu Zanzibar kwenye matamasha. Yote yaliyoelezwa hapo juu kuhusu sheria ya 1972 na TAUSI yanaishia pwani ya Dar es Salaam. Leseni za biashara si jambo la Muungano. Huku tuna sheria yetu ya mfumo wa leseni ya mwaka 2013, na chakula kinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Usije Forodhani na karatasi ya Morogoro ukafikiri inasomeka. Na kama safari itaangukia Ramadhani, pangeni biashara ya futari na daku, kwani mchana hamtauza.

---

Mpishi wa Msamvu:

Ahsanteni sana wazee wangu, kaka zangu na mama wa Kihonda. Nimekwenda kuviangalia vyeti kwenye kabati: viwili vinakwisha tarehe 19 Julai na kimoja tarehe 2 Agosti, yaani katikati ya maonesho. Nimeona pia kwamba fomu ya banda niliyotumiwa inasema "huduma" tu, bila neno chakula popote. Nitairudisha waiandike upya kabla sijalipa.

Swali moja limebaki kwa Bwana Afya. Wasaidizi wangu wakipimwa hapa Morogoro, Dodoma watavikubali vyeti hivyo, au ni lazima tupimwe kule?

---

Bwana Afya:

Cheti cha kituo cha afya kinachotambulika kwa kawaida kinakubalika kokote Tanzania Bara, kwa sababu anayepimwa ni mtu na siyo banda. Hapa ndipo cheti cha afya kinapotofautiana na leseni. Hakikisha kina muhuri wa kituo, jina kama lilivyo kwenye NIDA, na tarehe inayosomeka. Usisubiri wiki ya mwisho, maana kipimo cha choo kikionesha maambukizi, mhusika anapewa dawa na kurudi kupimwa tena, na hilo linachukua siku kadhaa. Wapeleke wiki ya kwanza ya Julai, wote watatu kwa pamoja, nawe uwe wa nne: hukusema popote kwamba wewe mwenyewe umepimwa.